Mahari, Kilemba na Mkaja: Tahakiki ya Upanuzi wa Maana katika Msamiati wa Ndoa

Wanaojadili mabadiliko ya mila za ndoa pwani huzoea kuanza na vitu: ukumbi, mavazi, kadi za mchango. Tahakiki hii inadai kwamba badiliko zito zaidi limo katika neno moja: mahari.

Katika Kiswahili cha pwani, anayotoa mposaji hutofautishwa kwa majina. Mahari, neno lenye asili ya Kiarabu, ni haki ya bibi harusi mwenyewe. Kurani, sura ya 4, aya ya 4, inaagiza wanawake wapewe mahari yao. Kilemba ni cha baba. Mkaja ni wa mama: kwa maana ya msingi ni kitambaa anachojifunga mzazi tumboni baada ya kujifungua, hivyo jina lenyewe linakumbusha uzazi. Kilemba na mkaja vimegeuka fedha, lakini majina yaliendelea kutunza mgawanyo. Kitu kilibadilika, haki haikuhama.

Kiswahili kilipoenea bara, neno mahari lilibebeshwa dhana nyingine: ng'ombe au fedha wanazopewa wazazi wa binti. Upanuzi huo si kosa. Lugha ya taifa hubeba mila za wengi. Tatizo huanza maana pana inaporudi pwani. Tuchukulie posa ya Kiegeani, kisiwani Mafia: mposaji aliyeko Dar es Salaam anamtumia mjomba wa binti, kwa simu, jumla moja iitwayo "mahari". Tarakimu ni moja, jina ni moja. Fungu la binti ni lipi?

Kifungu cha 41 cha Sheria ya Ndoa ya 1971 hakibatilishi ndoa kwa kuwa desturi ya mahari au zawadi haikufuatwa. Kinga hiyo inahusu uhalali wa ndoa. Haimwambii binti fedha ipi ni yake. Majina ndiyo yaliyomwambia.

Yawezekana kupinga kwamba hata zamani fungu la binti liliweza kuishia mikononi mwa wazee. Ni kweli, lakini aliyelichukua alichukua kitu ambacho jina lake lilimtaja mwenyewe, na binti alikuwa na neno la kudaia. Kwa hiyo, kamusi zinapaswa kutenga wazi fahiwa hizi mbili za mahari, na wahakiki waache kuzisoma kama moja. Neno linapomeza wenzake, humeza pia hoja ya mwenye haki.