Rangi Imo Ndani ya Ganda

Mgomba huzaa mara moja. Mkungu ukishashushwa, shina lililoubeba halina kazi tena: litakatwa, liachwe lioze kando ya machipukizi yake au lipewe ng'ombe. Fundi wa kadi anaanzia pale mkulima alipomalizia. Hana haja na tunda wala jani. Anataka maganda, yale mapande marefu yaliyokumbatiana tabaka kwa tabaka mpaka yakafanya kile tunachokiita shina, ingawa ndani yake hamna mti wowote.

Hapa Misungwi, mkoani Mwanza, migomba haijatanda kama ng'ambo ya ziwa, Kagera. Hii ni nchi ya pamba, mpunga, dengu na ng'ombe, na mgomba mara nyingi ni ule mmojammoja uliopandwa nyuma ya bafu ili ufaidi maji ya kuogea. Lakini mmoja unatosha kwa kadi nyingi sana, kwa kuwa picha moja haihitaji ganda zaidi ya upana wa viganja viwili. Kinacholiwa kwa wingi ni muda.

Kadi za maganda ya mgomba zinajulikana Afrika Mashariki nzima. Utazikuta Nairobi, Kampala, Arusha na Unguja, zimepangwa kwenye maduka ya vinyago, na nyingi zina twiga, mbuyu au mama aliyejitwika mtungi. Twiga hao wamenichosha. Ndiyo maana napenda kumtazama mama mmoja wa makamo, anayefanyia kazi hiyo barazani kwake si mbali na njia panda ya Usagara. Yeye hatengenezi twiga. Anatengeneza miamba, ng'ombe na mitumbwi, yaani vitu anavyoviona akiinua macho.

Na hapaki rangi. Nyumbani kwake hakuna kopo la rangi wala brashi. Ganda la nje kabisa, lililopigwa jua na mvua kwa miezi, ni kahawia iliyoiva, lenye madoa meusi na michirizi ya utomvu uliokauka. Linalofuata limepoa kidogo, linakaribia hudhurungi. Kadiri unavyoingia ndani ndivyo maganda yanavyopauka, mpaka unafika kwenye rangi ya maziwa iliyo karibu na nyeupe. Hapo katikati kuna manjano, kuna kijivu, kuna wekundu unaojitokeza mahali ambapo shina liliumia. Yote haya yamo ndani ya mgomba mmoja. Fundi anayakausha, anayapasua vipande, anayahifadhi kwenye mfuko wa sandarusi, kisha siku ya kazi anaumwaga mfuko mkekani na kuanza kupekua.

Kupekua huko ndiko kazi yenyewe. Mtu asiyejua ataona mama amekaa tu, anageuza takataka. Nilimwuliza siku moja anatafuta nini, akanijibu bila kuinua kichwa: "Mwamba, mwanangu. Mwamba haukatwi, unatafutwa." Alikuwa anataka kipande chenye madoa yaliyokaa kama yale ya mawe yetu ya itale, ambayo Mwanza nzima inasifika kwayo: weusi juu mahali maji ya mvua yanapoteremkia, kijivu ubavuni, na ule ufa wa kulala unaoonyesha jiwe moja limekaa juu ya jingine. Alipokiona alikizungushia ukucha, akakata kwa wembe, na jiwe likawa jiwe. Hakuongeza kitu.

Ninachokistahi zaidi ni wavu. Ganda la ndani likichunwa ngozi yake nyembamba, chini yake kuna vijumba vidogo vya hewa vilivyopangwa safu kwa safu. Likikauka, kuta za vijumba hivyo hubaki zenyewe, na unapata kipande chenye matundu yaliyolingana, laini kuliko shashi. Mama anakikata kipembe, anakitundika begani kwa mvuvi asiyezidi urefu wa kidole gumba, na mvuvi huyo anakwenda ziwani na wavu wake. Hakuna mkono wa binadamu unaoweza kutoboa matundu hayo kwa wembe. Yalikuwamo tangu mgomba ukiwa umesimama nyuma ya bafu.

Ganda lina nyuzi, na nyuzi zina mwelekeo. Maji ya ziwa hukatwa nyuzi zikiwa zimelala, na hapo hapo yanaonekana yametulia. Yakikatwa nyuzi zikiwa zimesimama, yanageuka ukuta. Miguu ya ng'ombe inataka nyuzi zilizosimama, na mlingoti vilevile. Mgongo wa ng'ombe wa Kisukuma, wenye nundu ile, unatafutwa pembezoni mwa ganda ambako nyuzi hupinda zenyewe. Ukikata kinyume na nyuzi, wembe unararua na ukingo unachanika. Mchaniko huo ni hasara kila mahali isipokuwa kwenye mkia: pale fundi anachana kwa makusudi, anakwaruza ncha kwa ukucha mpaka nyuzi ziachane, na ng'ombe anapata kishungi cha kufukuzia nzi.

Pembe ndizo zinazopima mkono. Ni vijiuzi viwili vyembamba, vinashikwa kwa kibanio, vinaguswa na gundi iliyochovywa kwa njiti ya kiberiti. Gundi ikizidi hata chembe inajitokeza pembeni, inakauka ikiwa inang'aa, na kadi hiyo basi tena. Mama huwa anaiweka kando bila kununa. Atatoa karatasi nyingine ya manila, atarudia ng'ombe mwingine.

Uvumilivu mwingine hauonekani kabisa kwenye kadi iliyokamilika. Ganda kavu hujikunja, kwa hiyo hufutwa kwa kitambaa chenye majimaji, hunyooshwa, hupigwa pasi ya mkaa juu ya gazeti, kisha hulazwa chini ya mzigo likauke upya. Haraka hapa haisamehewi. Ganda likibandikwa likiwa na unyevu, litasinyaa wiki zijazo na kuivuta kadi mpaka ibenuke, au litaota ukungu ndani ya bahasha. Siku za masika mama hagusi gundi. Anapekua na kukata tu. Kubandika nako kuna utaratibu wake: cha mbali hutangulia, cha karibu hufuata. Mbingu, kisha vilima, kisha maji, kisha mtumbwi, mwisho mtu. Ukikosea mpangilio huo, mvuvi anakuwa nyuma ya ziwa.

Kadi za salamu zenyewe ni desturi iliyozaliwa na mashine. Ile inayohesabiwa kuwa ya kwanza kuuzwa kwa ajili ya Krismasi ilitoka London mwaka 1843. Henry Cole alimwagiza mchoraji John Callcott Horsley, zikachapwa nakala kama 1,000 za mchoro uleule. Za kwetu leo nazo ni za kuchapwa: kadi ya mchango wa harusi, kadi ya kuingilia ukumbini iliyoandikwa ni ya mtu mmoja au wawili. Hizo ukishapita mlangoni umemaliza nazo. Kadi ya ganda haikubali nakala. Unaweza kurudia umbo la ng'ombe, lakini doa lililokuwa bega lake halipatikani tena, limeondoka na mgomba wake. Nadhani ndiyo sababu watu hawaitupi. Inasimamishwa juu ya kabati la vyombo, inachomekwa pembeni mwa kioo, na wenye uwezo wanaipeleka kwa fundi wa fremu.

Wapo nchini waliokwenda mbali zaidi, wakatengeneza hata karatasi. Karakana ya Neema Crafts ya Iringa ilianza mwaka 2003 na vijana watatu viziwi, ikatoa karatasi kwa kinyesi cha tembo. Tembo hula nyasi na magome lakini hasagi nyuzi zote, hivyo nusu ya kazi ya kiwanda cha karatasi inakuwa imeshafanyika tumboni. Kinachobaki ni kuosha, kuchemsha, kuponda na kuchuja. Mama wa Usagara anatumia manila ya dukani. Namtetea kwa hilo: manila laini haishindani na ganda, inaliacha liseme.

Wateja ni habari nyingine. Kadi hainunuliwi na mtu anayekimbia. Lazima aishike, aigeuzegeuze kwenye mwanga. Zamani pale Kigongo, watu wanapovukia ziwa, foleni ya kivuko iliwapa watu muda huo, wapende wasipende. Tangu Daraja la J.P. Magufuli lifunguliwe Juni 2025, kilomita tatu za maji zinavukwa kwa dakika chache na basi halina sababu ya kusimama. Hakuna anayeililia foleni, hata wachuuzi wenyewe walichoka na vumbi lile. Ila mwenye kitu cha kutazamwa polepole sasa inabidi atafute pengine pa kukitazamisha.

Nina lalamiko moja, nalo ni la jina. Mchoraji Edward Saidi Tingatinga, aliyefariki mwaka 1972, alipaka rangi za kung'aa kwenye vipande vya mbao za dari, na aliandika jina lake mbele, kwa herufi kubwa, kila mtu asome. Leo jina hilo ni la mtindo mzima wa uchoraji. Kadi za ganda karibu zote hazina jina la mtu. Nilimwambia mama aweke lake nyuma.

"Nani anataka jina langu? Wanataka ng'ombe."

Nikamwambia atakayeitia kadi kwenye fremu atataka kujua ng'ombe ni wa nani. Akacheka, akasema ng'ombe wa Misungwi wote wana wenyewe. Nikasisitiza basi angalau aandike kwa penseli, maana wino unapenya manila na kutokea upande wa pili. Hapo aliacha kucheka, akaigeuza kadi, akaipitishia kidole.

"Hilo la wino ni kweli," akasema, na kumtuma mjukuu akalete penseli.