Bunduki ya Shabaha Yenye Nakshi: Namna ya Kuitambua Iliyo Bora

Ukionyeshwa bunduki ya zamani iliyojaa nakshi, jicho hukimbilia ubavuni, kwa kulungu na majani ya mwaloni yaliyochongwa pale. Lizuie kidogo. Bunduki ya shabaha ilitengenezwa kwa ajili ya mtu mmoja aliyesimama nyuma yake, shavu limeegemea kitako, na hukumu ya haki huanzia hapo. Ukiitazama kutoka upande wa mlengaji, sehemu kubwa ya mapambo haionekani tena. Hicho ndicho kipimo changu cha kwanza: fundi hodari aliiacha njia ya jicho bila kitu cha kung'aa. Jina lake karibu na chemba linavumilika. Maua ya dhahabu kwenye mgongo wa mtutu, yanayomrudishia mlengaji jua machoni, yananiambia kwamba bunduki hiyo ilitengenezwa kutundikwa ukutani au kuzawadiwa mkubwa fulani.

Huku kwetu Igowole, na Mufindi nzima, ukitaja bunduki ya Mjerumani watu hukumbuka vita. Tarehe 17 Agosti 1891 wapiganaji wa Mkwawa, mtawala wa Wahehe, walikisambaratisha kikosi cha Kijerumani kilichoongozwa na Zelewski pale Lugalo na kuondoka na mamia ya bunduki. Zile zilikuwa silaha za jeshi, zisizo na ua hata moja. Miaka hiyohiyo, mafundi wa Suhl, Zella na Mehlis, katika jimbo la sasa la Thüringen, walikuwa wakitengeneza aina nyingine kabisa, kwa ajili ya vyama vya walengaji vilivyokuwa karibu kila mji wa Ujerumani. Raia walikutana kushindana, na bingwa wa mwaka aliitwa mfalme wa walengaji. Walowezi wa Kijerumani walioruhusiwa kurudi Tanganyika mwaka 1925 walilima Iringa, Mufindi na Mbeya mpaka walipowekwa kizuizini mwaka 1939, kwa hiyo usishangae kusikia habari ya bunduki ya mzungu wa zamani. Nyingi zitakuwa za kuwindia. Ya shabaha utaitambua ukiinyanyua tu: ina uzito wa kilo tano au sita, mtutu mrefu na mnene, mara nyingi wenye pande nane, na inapakiwa risasi mojamoja. Hakuna mwindaji wa kupanda na kushuka milima ya Udzungwa nayo siku nzima.

Uzito huo una kazi. Walengaji walipiga wakiwa wamesimama, bila kuegemea chochote, na mtutu mzito hautikisiki ovyo. Ndiyo maana kitako kina pembe mbili za chuma, moja ikipita juu ya bega na nyingine chini ya kwapa, na mbele chini kuna tegemeo la kiganja. Vitu hivi mgeni huvidhania mapambo. Viweke mahali pake mwilini: kitako kilichochongwa vizuri kinakuja chenyewe shavuni na jicho linakutana na tundu la kulengea bila kutafuta. Ukilazimika kukunja shingo, ama kimewahi kukatwa au kilipimwa kwa mtu mwingine.

Sasa triga. Zilizo bora zina triga mbili: ya kwanza unaivuta kuitega, ya pili inafyatuka kwa mguso mwepesi mno. Hapa ndipo fundi alipomaliza ujuzi wake, ndani kabisa, ambako hakuna mtazamaji. Hakikisha kwanza chemba ni tupu, omba ruhusa, weka risasi bandia ya mazoezi ili pini isipige hewa, kisha utege. Mlio wa kutega uwe mkavu na mmoja. Ikijifyatua yenyewe ukigonga kitako taratibu, ncha za ndani zimelika au kuna mtu amezipitishia tupa. Ubavu uliojaa kulungu hauwezi kufidia hilo.

Baada ya hapo ndipo nalipa jicho ruhusa ya kula nakshi. Tumia kioo cha kukuzia na mwanga wa kutoka pembeni. Mstari uliokatwa kwa patasi ya mkono huanza mwembamba, hunenepa katikati, kisha huisha kwa ncha kali, na sakafu yake hung'aa. Mstari ulioliwa na tindikali una kina kilekile mwanzo mpaka mwisho, na kingo zake ni laini. Tazama nyuso: fundi wa kweli humpa mbwa wa kuwinda jicho linalotazama kitu, ilhali fundi wa kawaida humpa kitundu. Angalia pia kama nakshi inaheshimu umbo la chuma, jani likipinda pale ubavu unapopinda, au imebandikwa tu kujaza nafasi. Mimi napendelea iliyoacha mahali patupu, maana aliyejaza kila pembe mara nyingi anaficha mchoro dhaifu.

Adui wa nakshi ni mashine ya kung'arishia. Muuzaji huipitisha ili bunduki ivutie, na kwa dakika chache anafuta kazi ya miezi. Dalili ziko wazi: kingo za pande nane zimekuwa butu, herufi zimefifia upande mmoja, na pembezoni mwa skrubu kuna vibonde. Skrubu zenyewe husema mengi. Katika kazi ya daraja la juu mipasuo yake huelekea upande mmoja, na midomo yake haijachanika kwa bisibisi isiyolingana.

Kwenye mti, mtu wa Mufindi ana nafasi nzuri kuliko mkusanyaji wa mjini. Tumekua na msumeno wa shamba la miti la Sao Hill masikioni, tunajua ubao uliokauka sawasawa na ule uliokimbizwa sokoni. Vitako hivi ni vya mjozi, mti mzito kiasi, wenye mishipa ya kahawia na nyeusi. Mishipa yenye mawimbi ya kupendeza ikae nyuma, kwenye kitako. Pale shingoni, panaposhikwa na mkono, nyuzi zinyooke na kufuata urefu, la sivyo patapasuka. Kisha pitisha ukucha pale mti unapokutana na chuma. Fundi aliuacha mti ukiwa juu ya chuma kwa unene wa nywele. Ukikuta chuma ndicho kilichoinuka, msasa umepita, na vijimraba vilivyokatwa mahali pa kushikia lazima viwe vimepoteza ncha zake.

Bunduki za mrao za Oman, zilizofika pwani yetu pamoja na mabwana wa Zanzibar, zinafundisha jambo hilohilo kwa lugha nyingine. Pete za fedha zinazozizunguka ni pambo, na wakati huohuo ndizo zinazoufunga mtutu kwenye mti. Ukiziondoa, bunduki inaachana.

Chini ya mtutu tafuta mihuri. Sheria ya Ujerumani ya mwaka 1891 iliagiza kila mtutu ujaribiwe, na alama zake ni taji juu ya herufi B, U na G, hiyo G ikimaanisha mtutu wenye mifereji ndani. Tai mwenye herufi N ni wa sheria ya mwaka 1939, kwa hiyo anayekuuzia bunduki ya enzi ya Kaiser yenye tai huyo pekee anakuuzia hadithi. Namba za vipande zilingane. Ndani ya mtutu mulika tochi: risasi zilikuwa za madini laini na baruti kidogo, mifereji mingi imebaki mikali, ila kagua sana mdomo, unaolika kwa fimbo ya kusafishia iliyoingizwa vibaya.

Uzee hauiondoi bunduki kwenye Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015. Uliza leseni kabla ya bei, na asiyekuwa nayo mrudishie mali yake hapohapo. Ukiipata kihalali, iondoe kwenye mkoba wa ngozi hata kama mkoba ni wa asili, maana ngozi hunywa ukungu wa huku na kuulaza juu ya chuma usiku kucha. Kitambaa cha pamba chenye mafuta kidogo kinatosha, na kisiguse mti.