Nani Aliyeniokoa? Kauli za Kitenzi katika Ushuhuda wa Busia na Tororo

Uamsho ulioenea kutoka Gahini, Rwanda, na Uganda katika miaka ya 1930 uliwazoeza waumini kuungama hadharani. Katika ushuhuda wa Kiswahili wa Busia na Tororo, dhambi husimuliwa kwa kauli ya kutenda: niliiba, nilidanganya. Mkosaji yu wazi. Wokovu, kinyume chake, huja kwa kauli ya kutendeka: nimeokoka. Mwokozi hana nafasi katika kitenzi hicho, "nimeokolewa" ingemdai. Hoja kwamba mazoea yameziba pengo hilo hainiridhishi, maana "mwokovu" sasa hutambulishwa kwa mwenendo wake kuliko kwa aliyemwokoa. Kielezi "kwa neema" husaidia, ila hudondoka upesi. Afadhali wimbo wa Kiganda, "Tukutendereza Yesu": humtaja.