Santuri za Kale za Kijerumani na Uimbaji wa Kwaya Zetu

Katika kwaya nyingi za Mbeya na Iringa ipo imani kwamba kuimba "Kijerumani" ni kuimba kwa kunyooka: kila nota ipewe kipimo chake, sauti isiteleze, na avutaye neno akaripiwe. Imani hiyo yafaa ipimwe kwa santuri za kwanza za Lied, yaani ule wimbo wa kisanaa wa Kijerumani wa mwimbaji mmoja na piano.

Mwaka 1904 Gustav Walter, aliyezaliwa miaka 6 tu baada ya kifo cha Schubert, aliimba "Am Meer" mbele ya pembe ya gramafoni. Alikuwa na umri wa miaka 70 hivi. Mwaka 1907 Elena Gerhardt alirekodi akipigiwa piano na Arthur Nikisch. Sauti ni hafifu, kana kwamba yatoka nyuma ya ukuta. Tena upande mmoja wa santuri ulibeba dakika chache tu, hivyo mwendo wa haraka tusiuhukumu upesi. Lakini kuteleza toka nota hadi nota hakukuletwa na mashine. Waimbaji hao huteleza, hukawia penye neno zito, kisha hukimbia kulipa deni.

Hiyo ndiyo enzi ya Wamoravian na wamisionari wa Berlin waliofika Unyakyusa mwaka 1891, hao wa Berlin wakaingia baadaye Uhehe. Ni kweli, wimbo wa ibada si Lied. Watu mia tatu hawawezi kukawia pamoja kwa hiari ya mmoja. Hata hivyo tulichorithi zaidi ni kitabu, nacho kitabu hakitelezi. Wapo wamisionari walioling'amua tatizo: Traugott Bachmann wa Mbozi alizithamini nyimbo za Wanyiha, na katika miaka ya 1930 Franz Rietzsch aliona kwamba tuni za Ulaya za karne za kati zakaribiana zaidi na uimbaji wa wenyeji.

Hasara yasikika katika Kiswahili chenyewe. Mkazo wetu huangukia silabi ya pili kutoka mwisho. Tuni za Kijerumani mara nyingi hutua kwa pigo zito kwenye silabi ya mwisho, na "Bwana" akawa "Bwaná". Mfasiri hawezi kuliponya hilo daima. Mwimbaji aweza, akiruhusiwa kuivuta silabi yenye mkazo na kuipita upesi ile ifuatayo, kama afanyavyo Gerhardt.