Utajiri, Mapenzi na Kuzinduka katika Riwaya ya The Great Gatsby

Utangulizi

Riwaya ya The Great Gatsby ya F. Scott Fitzgerald ilichapishwa nchini Marekani mwaka 1925. Matukio yake makuu yanatokea katika majira ya joto ya mwaka 1922, jijini New York na kwenye kisiwa cha Long Island. Huo ulikuwa wakati wa marufuku ya pombe iliyoanza kutekelezwa mwaka 1920, ambayo iliwafungulia baadhi ya watu njia ya kutajirika kwa magendo. Jay Gatsby, aliyezaliwa katika familia ya wakulima maskini huko North Dakota, anajipatia mali kwa njia hiyo ili amrejeshe Daisy, mwanamke aliyempenda mjini Louisville mwaka 1917 kabla ya kupelekwa vitani. Daisy, kwa upande wake, aliolewa na Tom Buchanan mwaka 1919. Jitihada za Gatsby zinamgharimu uhai wake.

Wahakiki wengi wameisoma riwaya hii kama istiara ya taifa. Lionel Trilling, katika mkusanyiko wake wa insha wa mwaka 1950, alimwona Gatsby kuwa kiwakilishi cha Marekani yenyewe. Usomaji huo una nguvu, lakini kadiri unavyorudiwa umeelekea kugeuka funzo jepesi, kwamba fedha huharibu mapenzi na kwamba mwenye kuitegemea mali mwisho wake ni kukata tamaa. Uchambuzi huu unaukosoa wepesi huo kwa hoja mbili. Kwanza, utajiri hauyaharibu mapenzi ya Gatsby kutoka nje, kwa kuwa ni sehemu ya mapenzi hayo tangu siku ya kwanza. Pili, anayezinduka katika riwaya hii ni msimulizi, wala si Gatsby, na kuzinduka huko hakumpi haki mtu yeyote.

Utajiri wa Aina Mbili

Fitzgerald anaigawa mandhari yake kwa ghuba. Upande mmoja ni East Egg, wanakoishi wenye mali ya kurithi. Upande wa pili ni West Egg, wanakoishi waliotajirika juzi. Kwa macho ya mpita njia, nyumba za pande zote mbili ni makasri. Tofauti iliyopo haipimwi kwa kiasi cha fedha. Tom amehamia mashariki na farasi wake wa polo, na hana haja ya kumthibitishia yeyote kwamba yeye ni nani. Gatsby, kinyume chake, anathibitisha kila siku. Maktaba yake ina vitabu vya kweli, jambo linalomshangaza mgeni mmoja aliyetarajia majalada matupu. Hata hivyo, kurasa za vitabu hivyo hazijakatwa, yaani havijawahi kusomwa. Maelezo haya madogo yanatoa picha kamili ya mhusika: amenunua kila kinachonunulika, na bado kununua kwenyewe kunamsaliti.

Tukio linaloliweka wazi zaidi jambo hili ni lile la wapanda farasi watatu, Tom akiwa mmojawapo, wanaopita nyumbani kwa Gatsby. Mwanamke aliye miongoni mwao anamkaribisha chakula cha jioni. Gatsby anaupokea mwaliko huo kama ulivyotamkwa na kwenda kujitayarisha. Anaporudi, wenzake wameshaondoka. Hajui kwamba katika tabaka lile mwaliko unaweza kuwa salamu tu. Hakuna tusi lililotamkwa, na hakuna fedha ambazo zingemwokoa. Tabaka linajilinda kwa adabu zake lenyewe.

Kati ya ghuba na jiji limo bonde la majivu, anakoishi fundi wa magari George Wilson na mkewe Myrtle. Usomaji wa kitabaka hauwezi kuliacha bonde hili lionekane kama mandhari ya kupitia tu. Riwaya ina vifo vitatu katika kilele chake: Myrtle anagongwa na gari, Gatsby anapigwa risasi, na Wilson anajiua. Wote watatu ni watu waliozaliwa nje ya utajiri. Daisy, aliyekuwa akiendesha gari lile, na Tom, aliyemwelekeza Wilson kwa Gatsby, wanafunga mizigo na kuondoka.

Mapenzi Yaliyozaliwa Ndani ya Mali

Inadhaniwa mara nyingi kwamba palikuwa na penzi safi la Louisville ambalo baadaye lilichafuliwa na fedha. Matini yenyewe haiungi mkono dhana hiyo. Mbinu rejeshi inatuonyesha afisa kijana asiye na kitu, aliyefunguliwa mlango wa nyumba ya kifahari na sare yake ya jeshi tu. Nyumba inamstaajabisha sawa na mwenye nyumba. Na ule ukweli kwamba wanaume wengi walikwisha kumpenda Daisy unaongeza thamani yake machoni pa Gatsby. Kijana huyo anamwacha Daisy aamini kwamba wao ni wa tabaka moja. Kwa hiyo tangu mwanzo penzi hili limebeba ndani yake uongo kuhusu mali. Miaka mitano inayofuata ni jaribio la kuufanya uongo ule uwe kweli.

Kwa upande wa Daisy, mkesha wa harusi yake ni kielelezo muhimu. Tom amempa mkufu wa lulu wenye thamani ya dola 350,000. Daisy, akiwa amelewa na ameshika barua, anataka lulu zirudishwe. Anaogeshwa kwa maji baridi, barua inalowa na kumeguka mkononi mwake, kisha mkufu unarudi shingoni, na kesho yake anaolewa. Ni rahisi kusema kwamba lulu zilishinda barua. Lakini inafaa kukumbuka kwamba msomaji hapewi nafasi ya kuisoma barua hiyo, na kwamba tukio lote linasimuliwa na rafiki yake, Jordan Baker. Moyo wa Daisy tunaupata kwa vinywa vya wengine. Kumhukumu kuwa mwanamke mpenda fedha tu ni kumaliza kazi ambayo wanaume wa riwaya hii wameianza.

Hali hiyo inafikia kilele katika Hoteli ya Plaza. Gatsby hatosheki na Daisy kumpenda sasa. Anamtaka atamke kwamba hakuwahi kumpenda Tom hata siku moja. Daisy anashindwa, kwa sababu si kweli: aliwahi kuwapenda wote wawili. Dai la Gatsby ni dai la mmiliki anayetaka hati isiyo na jina la mtu mwingine. Ndipo tunapoona kwamba yeye na Tom, pamoja na uhasama wao, wanazungumza lugha moja.

Hata hivyo, hoja hii isivutwe kupita kiasi. Usiku wa ajali, Gatsby yuko tayari kubeba lawama ya Daisy, na anasimama gizani nje ya nyumba akilinda dirisha lake. Kitendo hicho hakina hesabu ya faida. Kejeli ya Fitzgerald ni kwamba wakati huohuo, ndani ya nyumba, Daisy na Tom wameketi jikoni pamoja kwa utulivu. Penzi la Gatsby linavuka mipaka ya mali mara moja tu, na mara hiyo hakuna cha kulindwa.

Kukata Tamaa na Kuzinduka

Kiswahili kinatusaidia hapa kutenganisha mambo mawili. Kukata tamaa ni kuacha kukitumainia kitu ambacho bado unakiona kuwa cha thamani. Kuzinduka ni kuona kwamba kitu chenyewe hakikuwa ulichokidhani. Je, Gatsby alifikia lolote kati ya haya? Asubuhi ya mwisho anaagiza kwamba simu yoyote itakayopigwa aletewe kwenye bwawa la kuogelea. Simu haiji. Kwamba huenda hakuwa akiitarajia tena ni dhana ya msimulizi, Nick Carraway, ambaye hakuwapo. Mwandishi ameiweka fikra hiyo kwenye eneo la labda, na mhakiki hana ruhusa ya kuigeuza hakika.

Aliyezinduka bila shaka ni Nick. Ametimiza miaka 30 siku ileile ya ugomvi wa Plaza; ameyapanga mazishi ambayo umati uliokula na kunywa kwa Gatsby haukuyahudhuria; na mwishowe anarudi kwao Magharibi ya Kati. Lakini Nick ni ndugu wa Daisy na alisoma chuo kimoja na Tom. Anajua nani alikuwa kwenye usukani. Anapokutana na Tom, anaificha siri ile na kumpa mkono. Kuzinduka kwake ni kwa kweli, ila hakuvunji ukimya wa tabaka lake.

Ulinganifu wenye uzito zaidi uko kati yake na Wilson. Fundi yule naye alitaka kuhamia magharibi na mkewe, na alikuwa akisubiri biashara ya gari ambayo Tom aliiahirisha mara kwa mara ili kuficha uhusiano wake na Myrtle. Nick anarejea kwao kwa sababu ana pa kurejea. Wilson hakuwa na nauli.

Hitimisho

Uchambuzi umeonyesha kwamba katika riwaya hii utajiri na mapenzi si mahasimu wawili wanaopigania moyo wa mtu. Utajiri ndio lugha ambayo mapenzi yamejifunza kusema, na ni mara chache sana yanapata neno jingine. Kuhusu kuzinduka, riwaya inatuachia swali gumu kuliko funzo la kawaida: ukweli unaojulikana na mtu asiyetaka kuutamka una faida gani kwa waliokufa? Nick ametuandikia sisi yale ambayo hakumwambia Tom. Utafiti wa mbele wa usimulizi wa riwaya hii ungefaa kuanzia kwenye pengo hilo.