Ramani Inayotembea na Ndege Uwanjani

Ukipata kiti cha mbele kwenye Cessna Caravan ya kwenda Unguja, pale kando ya rubani, usihangaike na dirisha kwanza. Tazama kishikwambi chake! Uwanja wa Julius Nyerere wote umo mle: maegesho, viungio vinavyoyaunganisha na barabara ya kuruka na kutua, barabara hiyo yenyewe yenye namba zake 05 na 23, na katikati kidege kidogo ambacho ndicho sisi. Rubani akaachia breki, kikasogea. Tukakata kona, nacho kikageuza pua palepale. Magurudumu hayajafika barabara ya kuruka, tayari jina lake limejaa kiooni kwa herufi kubwa. Nilitamani kupiga makofi.

Kuna watakaosema GPS hata bodaboda anayo. Anayo, ndiyo, lakini ndege ikipotea chini watu hufa. Tenerife, 27 Machi 1977, ukungu mzito: marubani wa Pan Am wanahesabu njia za kutokea kwa kutazama mchoro wa karatasi, wanaipita waliyoambiwa waishike, na ndege ya KLM inakuja mbele yao kwa kasi ya kuruka. Watu 583! Mnara haukuwa na rada ya kuwaonyesha walipo. Linate, Milan, 8 Oktoba 2001, ukungu tena: Cessna ndogo inashika kiungio R6 badala ya R5, inatokea mbele ya ndege ya SAS iliyokuwa inaruka. Watu 118. Kidege kimoja kwenye ramani kingewaonyesha wale marubani wako wapi.

Na namna kinavyofanya kazi ndiyo inayonimaliza kabisa. Setilaiti za GPS zisizopungua nne, kilomita 20,200 juu yetu, zinatuma saa zao. Kipokezi kinalinganisha, kinakupa ulipo kwa kosa la mita chache tu. Viungio vya ndege kubwa vina upana wa mita 23 hivi, kwa hiyo hata likiwepo kosa hilo bado uko njiani mwako. Airbus waliiweka ramani ya namna hii kwenye A380, iliyoanza kubeba abiria 2007. Leo inaingia kwenye mkoba!

Dosari ipo. Karibu na jengo la abiria mawimbi ya setilaiti hugonga kuta yakarudi, na kidege chetu kikapanda nyasi kidogo. Mstari wa njano uliochorwa chini, nje ya dirisha, bado ndio mkubwa.

Halafu kuna ADS-B, ambayo Marekani imeilazimisha katika sehemu kubwa ya anga yake inayoongozwa tangu 1 Januari 2020. Ndege inayotembea ardhini hutangaza mahali ilipo mara mbili kwa sekunde, na mnara wenye vifaa huiona kwa jina lake hata ukungu uwe mzito vipi. Magari ya uwanjani nayo yanaweza kufungwa kifaa hicho. Kishikwambi nilichokiona kilituonyesha sisi peke yetu. Kikiunganishwa na kipokezi cha matangazo hayo, na ndege za wenzako zinatokea kwenye ramani ileile. Kipokezi chenyewe kinaenea kiganjani, na ningependa kukiona kwenye kila Caravan ya pwani hii.