Zimwi Limshambulie Nani? Suala la Ujuzi wa Msimulizi katika Mchezo wa Mezani

Mchezo wa Dungeons & Dragons, uliotolewa nchini Marekani mwaka 1974 na Gary Gygax na Dave Arneson, ni masimulizi ya mdomo yatungwayo papo kwa papo. Kila mchezaji ana mhusika wake. Msimamizi wa mchezo husimulia yaliyobaki, na huwasemea na kuwatendea wahusika wengine wote, mazimwi yakiwamo. Vita vinapozuka, hana budi kuamua tena na tena zimwi limshambulie nani. Aghalabu jambo hili huchukuliwa kuwa la kanuni tu. Kwa hakika ni la usimulizi, kwani mhusika ambaye mchezaji ameishi naye miaka mingi aweza kufa kwa uamuzi huo.

Gygax mwenyewe, katika mwongozo wa wasimamizi wa mwaka 1979, alielekeza kwamba wapiganaji wengi wanapochanganyikana, anayeshambuliwa apatikane kwa bahati nasibu. Dadu haina upendeleo, na mchezaji aliyefiwa hana wa kumnung'unikia. Lakini dadu haina njaa wala hasira pia. Zimwi linalochaguliwa windo na dadu ni chombo tu, halijawa mhusika.

Keith Ammann, katika kitabu chake The Monsters Know What They're Doing (2019), amelirudishia zimwi uhusika wake. Hoja yake ni kwamba alama lilizopewa katika kanuni, hasa za akili na busara, zaonyesha jinsi litakavyopigana na wakati litakapokimbia. Mbwa-mwitu wa toleo la mwaka 2014 ana akili 3 na busara 12, hali mtu wa kawaida ana 10 kwa kila moja. Tena hushambulia vyema zaidi mwenzake awapo karibu na windo. Basi kundi zima humzingira mmoja, kama mbwa-mwitu wa porini wafanyavyo. Hapo tarakimu imegeuka tabia, na hiyo ni sifa kubwa ya kitabu hiki.

Hata hivyo, njia hii ina hatari yake. Msimamizi aliyezoea kusoma tarakimu za zimwi anazo pia za mashujaa mbele yake: anajua nani amebakiwa na pointi 4 za uhai, na nani asipouawa atawaponya wenzake. Mbwa-mwitu hajui lo lote kati ya hayo. Waswahili husema zimwi likujualo halikuli likakwisha. Lakini zimwi la methali linamjua mtu kwa kumbukumbu yake lenyewe. Mezani, amjuaye shujaa ni msimamizi. Ujuzi wake ukipenya ndani ya zimwi, ama litaua kwa ujanja lisio nao, ama litasamehe kwa huruma isiyo yake. Kosa la kwanza hulalamikiwa upesi. La pili hupita kimya, maana hapana mchezaji anayelalamika kwa kuachwa hai, ingawa ndilo linaloufisha ushindi wake.

Kipimo chake ni shujaa aliyeanguka. Kwa kanuni za 2014, aliyeishiwa na pointi za uhai huzimia, naye hufa akishindwa mara tatu katika kuzipigania roho na dadu. Pigo la karibu likimpata, huhesabiwa kuwa ameshindwa mara mbili. Je, zimwi limpige aliye chini? Mnyama mwenye njaa yamkini atamburura aende kumla, wala hatajali wanaobaki. Jambazi atakaye mali atamwacha na kumgeukia mwenye upanga mkononi, kwa kuwa aliye chini hamtishi tena. Lakini kama jambazi huyo huyo amekwisha kumwona mganga akimwinua maiti-hai huyo mara moja kwa neno tu, naye akarudi vitani na kumjeruhi, basi ana sababu yake mwenyewe ya kumchoma mkuki pale pale alipolala, hata kama msimamizi angependa asifanye hivyo.